Mwalimu Aliyeposa Wachezaji

Sikuwahi kumwona Mwalimu akikimbia. Nilimjua kwanza nikiwa mchezaji wake, kisha mjumbe wake, kisha nikawa mtu wa kuvuka barabara nikimwona anakuja, na katika vipindi vyote hivyo sikumwona hata siku moja akiharakisha mguu. Alikuwa mfupi, mnene, buibui lake limepauka mabegani kwa jua la mazoezi. Alisimama kando ya kiwanja ameishika filimbi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto. Mgeni akija kututazama angemuuliza yeye mwenyewe, "Mama, kocha wao yuko wapi?" Naye angejibu, "Anakuja," akaendelea kutazama mpira.

Hiyo ilikuwa timu ya netiboli ya chuo kidogo cha Mchafukoge, ghorofa mbili juu ya duka la vifaa vya umeme. Wapita njia wengi walidhani ni mahali pa kutoa fotokopi. Tulisoma uhazili, uhasibu na kompyuta. Mwalimu alifundisha uhazili: namna ya kuandika barua ya ofisi, namna ya kupanga majalada, namna ya kupokea simu ya mtu mwenye hasira. Netiboli hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, na chuo kikamwachia kama unavyomwachia mama mkwe jiko lake.

Uwanja hatukuwa nao. Siku za kazi tulifanya mazoezi juu ya paa, katikati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Goli letu lilikuwa bomba la chuma lililosimikwa kwenye ndoo ya zege. Mpira ukivuka ukuta ulianguka mtaani, na hapo tulitegemea huruma ya wasukuma mikokoteni.

"Nyie kina dada!" walipiga kelele kutoka chini. "Leo mmemwangukia mzee wa watu kwenye kahawa yake!"

Mwalimu alichungulia, akaomba radhi kwa niaba ya chuo kizima, akamtuma mmoja wetu ashuke kumnunulia mzee kikombe kingine.

Watu wa vyuo vikubwa, na mimi leo ni mmoja wao, hupenda kuuliza kwa kejeli: chuo kama hicho kinampataje mchezaji? Wakubwa wana mabweni. Wana mabasi yenye jina la chuo ubavuni. Wanaweza kumsamehe mchezaji ada. Msichana anayejua mpira ana sababu gani ya kupanda ngazi zisizo na taa juu ya duka la nyaya?

Mwalimu alikuwa na jibu lake, na sijaona mwingine akilitumia. Alikuwa anaposa.

Nasema kuposa kwa maana ile ile unayoijua. Kwetu pwani mtu akitaka mke haendi kujipigia debe mwenyewe. Anaandika barua, barua inatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa kwa kitambaa cheupe, na mshenga anaipeleka kwa wazazi wa msichana. Wenyewe wanaifungua, wanaisoma, wanakaa nayo siku kadhaa. Wakikubali, wanajibu kwa masharti yao. Wakikataa, wanairudisha. Na ikirudi ndiyo imerudi. Aliyeposa haendi kuuliza sababu, maana kuuliza ni kuwatia aibu wenye mtoto. Mwalimu aliufuata utaratibu huo wote kwa ajili ya mfungaji au mlinzi wa netiboli. Hakuwahi kumvizia msichana baada ya mechi akamnong'oneza. Aliwaandikia wazazi. Pesa ya kufungulia barua hakuwa nayo, akaweka kilo ya sukari.

Kwetu Magomeni alikuja Ijumaa moja baada ya alasiri, yeye na mshenga wake, mzee mmoja wa mtaani kwao mwenye kofia safi na maneno taratibu. Baba yangu alikuwa na duka la tende na viungo Kariakoo, na sisi ni watu wa asili ya Uarabuni, nyumba ya mapazia mawili, mtoto wa kike haonekani ovyo. Siku nilipomaliza kidato cha sita Baba alitangaza kwamba na mpira nao umemaliza shule. Kwa hiyo Mama alipoona kitambaa cheupe mikononi mwa mgeni, alinivuta chumbani.

"Salha, vaa vizuri. Wamekuja kukuposa."

"Na nani, Mama?"

"Sijui. Lakini mshenga ni mtu wa heshima."

Nikaanza kulia. Nililia mpaka niliposikia Baba anacheka barazani, anacheka hadi anakohoa, kitu ambacho hakukifanya mbele ya wageni. Tukachungulia. Alikuwa amevua miwani na barua iko mapajani.

"Dada yangu," alisema Baba, "mimi nimeshajiandaa kuuliza ukoo wa kijana!"

"Kaka, kabla hujacheka zaidi nikwambie mabaya yetu," Mwalimu akamjibu. "Uwanja hatuna. Basi hatuna. Bweni hatuna. Ngazi zetu hazina taa."

"Sasa mna nini?"

"Tuna nafasi. Kwa wakubwa atavaa jezi nzuri akiwa amekaa benchi. Kwetu atavaa jezi kuukuu akiwa anacheza. Na stashahada atamaliza, hilo naliandika."

Baba akataja masharti yake kama anayetaja mahari. Mikono mirefu, suruali ndefu, mtandio kichwani, nyumbani kabla ya magharibi. Mwalimu aliandika kila neno, akatia sahihi chini, akampa Baba nakala. Kwa miaka mitatu hakuvunja hata moja. Mechi ikichelewa alinisindikiza mwenyewe hadi mlangoni, na tukikuta adhana inaadhiniwa aliomba radhi yeye, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake nimeshika viatu.

Hiyo ndiyo siri yote, kama ni siri. Alianza na mabaya. Nimekaa vikao vingi vya kazi nikisikia wataalamu wakieleza namna ya kuvutia wachezaji, kwa picha, kwa video, kwa zawadi, na kila mara namkumbuka mwanamke huyo barazani kwetu akianza na ngazi zisizo na taa. Mzazi aliyeambiwa mabaya mapema huyaamini na mazuri. Sisemi hivyo kwenye vikao. Nina sababu yangu ya kutolitaja jina lake mbele za watu, na nitaifikia, ingawa ningependa kuzunguka zunguka kwanza.

Msidhani alikuwa malaika. Mwalimu huyo aliyekuwa mkweli kwa wazazi hadi kuudhi alikuwa mwongo mkubwa mbele ya makocha wenzake. Kabla ya mechi alimwambia mlinzi wetu bora achechemee kuanzia getini. "Ah, mwanangu huyu goti linamsumbua," alimlalamikia kocha wa wapinzani, uso umejaa huzuni, na filimbi ikilia mchechemeaji anaruka kama swala. Aliwafokea waamuzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha mechi ikiisha akawapelekea sambusa kwenye bakuli lenye mfuniko. Alitukataza chipsi, akisema zinaziba pumzi, na ndani ya mkoba wake hapakukosa embe mbichi za pilipili alizozila kwa siri akitupa mgongo. Tulijua kwa sababu masikio yake yalicheza.

Sifa hakuzitoa. Ukicheza vizuri kupita kiasi alikwambia, "Leo hukuniudhi," nasi tuliligombania neno hilo kuliko medali. Lakini alijua majina ya wadogo zetu wote. Msiba ukitokea kwenye nyumba ya mchezaji, yeye alifika kabla ya majirani na kuondoka baada ya sufuria kuoshwa. Wachezaji waliomaliza chuo waliendelea kumletea wadogo zao, binamu zao, mabinti wa wapangaji wao. Sikuelewa wakati ule kwamba misiba ile nayo ilikuwa sehemu ya kuposa. Sidhani kama yeye mwenyewe aliona kuna tofauti.

Wachezaji aliwatafuta mahali ambapo wakubwa hawaangalii. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, na aliinama kweli. Mlinzi wetu alimwona Kariakoo kwenye lori la matikiti, anayadaka matikiti yanayorushwa kutoka juu na kuyalaza chini bila kupasua hata moja. Mchezaji wa katikati alimwona akipenya katikati ya umati wa wanunuzi na sinia la mayai kichwani. Alikuwa akitazama mikono na miguu ya watu pale sisi tulipotazama bei.

Mzee mshenga alipoanza kuumwa miguu, Mwalimu alinipa mimi kazi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mshenga wa umri huo ni kituko, lakini alisema wazazi wangefurahi kumwona msichana ambaye binti yao angeweza kuja kuwa. Alinifundisha namna ya kukaa, namna ya kushika kitambaa, namna ya kunyamaza mwenye nyumba akisoma. Nilipeleka barua tano, na zote tano zikajibiwa kwa ndiyo. Nilianza kujiona. Nilianza kudhani wazazi wanaukubali ulimi wangu, nikasahau ni jina la nani lililoandikwa chini ya barua.

Mwaka wangu wa mwisho tulikuwa saba. Netiboli inachezwa na watu saba, kwa hiyo akiba hatukuwa nayo, na mmoja akiteguka mguu tumekwisha. Mkurugenzi wa chuo alikuwa amechoka na gharama za michezo. Alimwambia Mwalimu mbele yetu, pale pale ngazini, kwamba tukishindwa kupeleka timu kamili kwenye mashindano ya vyuo mwaka ule, netiboli inafutwa na chumba cha vifaa kinakuwa cha kompyuta. Mwalimu alimjibu, "Tutapeleka, Mkurugenzi." Mitihani mimi nilikuwa nimeshamaliza, nasubiri mahafali, na kanuni ziliniruhusu kucheza hadi siku hiyo.

Wiki hizo ndipo alipomwona Rukia. Alipanda ngazi akihema, akatusimamisha mazoezi, akatuonyesha kwa mikono yake mifupi alichokiona. Mtaa mmoja wa Kariakoo kuna mama anauza kanga, stoo yake iko ghorofa ya kwanza, na binti yake husimama chini akirusha mafungu ya kanga hadi dirishani kwa mtu wa juu. Binti ni mrefu kama mlingoti. Mwalimu alihesabu mafungu kumi na mawili, na hata moja halikugusa fremu ya dirisha.

"Nimemuuliza kasoma hadi wapi. Kamaliza kidato cha sita. Nikamwambia, mwambie mama yako ategemee wageni," alisema Mwalimu. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Tukimpata huyu, wengine wanakuja wenyewe. Nani hataki kucheza na mfungaji?"

Aliandika barua jioni ile kwa mwandiko wake wa uhazili, akaifunga, akanikabidhi mimi.

Sasa nifike. Majuma mawili kabla yake, kwenye mechi ya kirafiki, afisa michezo wa chuo kikuu kimoja alinivuta pembeni. Sitakitaja chuo, maana ndicho kinachonilisha. Alisema amesikia kuna binti mdogo anayewaletea Mchafukoge wachezaji wazuri, na kwamba wao wanamtafuta msaidizi wa ofisi ya michezo. "Niletee mfungaji mmoja tu," aliniambia, "nione kazi yako." Nyumbani Baba alikuwa anazungumza habari ya kunitafutia mume, safari hii mume kweli. Nilitaka kazi. Nilitaka kitambulisho cha kuning'inia shingoni. Naandika sababu hizi na ninaona wazi kwamba hazitoshi, lakini nyingine sina.

Nilifika hatua hamsini kutoka kibanda cha mama yake Rukia, barua ya Mwalimu iko ndani ya mkoba. Nikasimama kwa muuza juisi ya miwa, nikanunua glasi nisiyokuwa na kiu nayo, nikampigia simu yule afisa michezo.

Kesho yake tulikwenda naye kwa gari la chuo kikuu. Mama Rukia alitukaribisha kwenye chumba chao nyuma ya kibanda. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Nyie ndio watu wa yule mwalimu wa Mchafukoge?" aliuliza. "Rukia kaniambia nitegemee wageni. Tangu juzi nimenunua na biskuti."

"Hapana, Mama," nikasema. "Sisi tunatoka chuo kikuu. Wale nasikia wameshampata mwingine."

Mama yule alimtazama binti yake. Rukia akainamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Haya," akasema Mama Rukia. "Watu wana haraka."

Akatuwekea biskuti zile zile alizomnunulia Mwalimu. Nilikula tatu. Miaka imepita, nimefanya mengine ya kunitia haya, lakini nikikumbuka biskuti zile nafunika uso hata nikiwa peke yangu.

Barua niliirudisha kwa Mwalimu baada ya siku tano, imefungwa kwenye kitambaa chake kile kile. Nilimkuta ofisini anapanga majalada. Nikamwekea kitambaa mezani.

"Mjumbe hauawi," akaniambia kwa upole. "Sema tu, mwanangu."

"Wamekataa, Mwalimu."

Akakifungua kitambaa, akaitoa bahasha, akaigeuza. Alipitisha kidole gumba juu ya mdomo wa bahasha, taratibu, kutoka kona hadi kona. Kisha akaitia kwenye droo.

"Haya. Wenye mtoto wakikataa hatuulizi," alisema. "Nenda juu, wenzako wanakungoja."

Nilikuwa katikati ya ngazi niliposimama ghafla nikashika ukuta. Bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Hakuna mama wa pwani anayekataa posa bila kuisoma. Huisoma, huwaita dada zake wakaisoma nao, hulala na maneno yake, ndipo anairudisha, na bahasha inarudi imechanwa. Mimi, mshenga mzima wa barua tano, nilikuwa nimerudisha posa mbichi. Nilitamani kurudi chini kusema kila kitu. Nikapanda juu, nikacheza, na nikafunga vizuri kuliko siku zote.

Nilimngoja aniulize. Hakuuliza kesho yake wala wiki iliyofuata. Alizidi kuwa mpole kwangu, na upole ule ulinichoma. Alinipa embe za pilipili kutoka kwenye mkoba wake, mimi peke yangu, tabia aliyokuwa hajawahi kumwonyesha mchezaji yeyote. Nikajidanganya kwamba hakuigusa bahasha kwa makini, kwamba macho yake yamezeeka. Uongo wangu ulilindwa na adabu yake: barua imerudi, na yeye hakuwa mtu wa kwenda kuuliza. Nilikuwa nimeujua ustaarabu wake vya kutosha kuutumia.

Wiki sita kabla ya mashindano chuo kikuu kikaniita kazini. Walitaka nianze Jumatatu. Nilimwambia Mwalimu kwa simu, kwa ujumbe wa maandishi, mistari miwili, nikamalizia na dua. Alijibu: "Mungu akutangulie." Timu ikabaki watu sita. Nilisikia kwamba alizunguka mitaa ya Kariakoo siku nzima nzima akitafuta mtu mmoja, barua akiipeleka mwenyewe bila mshenga, jambo ambalo watu wa makamo waliliona kama kuomba. Hakupata. Chuo kikajitoa kwenye mashindano na chumba cha vifaa kikajaa kompyuta. Alifundisha uhazili miaka michache zaidi, kisha akastaafu.

Na Rukia? Kwetu chuo kikuu tulikuwa na wafungaji wanne. Mwaka wa kwanza alikaa benchi, wa pili akakaa benchi, na mimi ndiye niliyekuwa ninasoma orodha ya wanaoanza. Nilisoma majina mchana kweupe mbele yake, jezi imemkaa vizuri, mikono mapajani. Mwaka wa tatu aliirudisha jezi ofisini kwangu imefuliwa na kupigwa pasi, akasema anataka kushughulika na masomo. Shahada aliipata. Akarudi Kariakoo akakigeuza kibanda cha mama yake kuwa duka.

Mtaa ule niliuhepa kwa miaka. Mwaka jana dada yangu alikuwa anaoza binti, akataka kanga za sare za kina mama, na fundi wake akamwelekeza duka moja tu lenye rangi hiyo. Nilienda mchana wa Alhamisi, duka limejaa watu. Niliingia nikitazama chini, nikainua macho, na Mwalimu alikuwa ameketi ndani kwenye stuli karibu na kaunta, kanga imekunjwa mapajani, anakunja nyingine. Amepungua sana. Shingo imekuwa nyembamba.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Rukia alitoka nyuma ya kaunta akanikumbatia. "Mama! Njoo umwone dada Salha! Mwalimu, huyu ndiye aliyenipeleka chuo kikuu."

"Tunafahamiana," alisema Mwalimu. "Mambo ya mpira."

Mama Rukia akaja amejaa furaha, akanishika mikono yote miwili, akaniuliza habari za watoto nisio nao. Kisha akamgeukia Mwalimu akicheka. "Salha, unajua huyu Mwalimu naye alimtaka Rukia? Alitaka kumposa! Nimekaa miezi nimenuna, mtu kanifanya nitegemee wageni, nimenunua na biskuti, hakuja. Siku moja namwona anapita hapo nje, nikamwita, nikamuuliza: Mwalimu, mwanangu ulimwona na kasoro gani hata ukatupita? Unajua alinijibu nini? 'Nilichelewa, dada. Kosa ni langu, nisamehe.' Mtu mzima anaomba radhi namna ile, utamfanyaje? Tukawa marafiki mpaka leo."

"Nilichelewa kweli," akasema Mwalimu, akaendelea kukunja.

Wateja wakawaita, Mama Rukia akaenda upande huu na binti yake upande ule. Tukabaki wawili kati ya marundo ya kanga. Nilichuchumaa kando ya stuli yake ili asihitaji kuinua kichwa.

"Mwalimu, ile barua."

"Niliichana zamani."

"Ulijua."

"Siku ile ile."

"Mbona hukunifukuza? Hata kuniuliza hukuniuliza."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona amekasirika, hasira ya zamani iliyokaa mahali pake kimya muda wote huo.

"Mlikuwa saba, Salha," alisema. "Ningekuuliza ungeona aibu, ungeondoka, ningebaki na sita. Mwenye chuo kikuu ana haki ya kumfukuza mtu. Mimi nilikuwa na nani wa kumfukuza? Nikasema nimeze. Nikakupa na maembe yangu ukae." Akaiweka kanga juu ya nyingine, akaisawazisha kwa kiganja. "Ukaondoka hata hivyo."

Nilisema, "Nisamehe, Mwalimu," na akasema, "Nimeshakusamehe," kwa namna ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Nilijua ninachopaswa kufanya. Mama Rukia alikuwa hatua nne kutoka kwangu, bado anaamini kosa ni la huyu mzee, na neno moja langu lingemtua Mwalimu mzigo alioubeba mbele ya rafiki yake kwa miaka. Nilisimama. Nilifungua mdomo.

Rukia alikuwa ameshafika na fungu la kanga za dada yangu, na juu yake ameweka nyingine moja, ya rangi ya zambarau, mpya, haijafunguliwa.

"Hizi za harusi. Na hii ni yako, dada, zawadi kutoka kwangu," alisema. "Bila wewe nisingefika."

Mwalimu aliacha kukunja akanitazama, akingoja.

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante.